Mashine ya Kukaushia na Tundu la Ukutani

Iko asubuhi moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, asubuhi mama mkwe wangu alipoketi kwenye kigoda mbele ya mashine ya kukaushia nguo akakataa isiwashwe. Nitakueleza ilivyokuwa. Kaa vizuri, na hiyo simu iweke pembeni, haitaoza.

Tulikuwa tunaishi Nyakanazi, mimi na mume wangu Zakaria, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya barabara ya malori. Zakaria alikuwa anachomelea mageti na kutengeneza chochote alicholetewa. Mimi nilifua mashuka ya gesti. Kiangazi shida ni vumbi: unaanika shuka jeupe, lori linapita, unaanua shuka jekundu. Masika vumbi linatulia lakini jua nalo halionekani, na mashuka yanakaa kambani mpaka yananuka. Ukiyatandaza kwenye majani, yule inzi wa nguo anataga humo, halafu mgeni anaondoka na jipu lenye funza mgongoni, na anaitangaza gesti yenu kila anakoshuka. Ndiyo maana kila nguo tuliipiga pasi ya mkaa, hata taulo la miguu. Vijana wa siku hizi mnavaa nguo zikitoka kambani tu, kisha mnashangaa mnajikuna.

Wakati huo wajenzi wa barabara walikuwa wanafunga kambi yao, wanauza vitanda, viti na majokofu. Zakaria akarudi na mashine ya kukaushia nguo juu ya mkokoteni, ile ndogo ya nyumbani, nyeupe, yenye mlango wa mviringo. Waliiuza kwa sababu ilikuwa inanguruma tu, haizungushi. Mwenye gesti niliyokuwa naifulia, Bi Mwanaidi, mwanamke wa familia ya biashara ambayo mababu zake walitoka pwani, alikuja kuitazama akiwa ameshika kiuno.

“Zakaria,” akasema, “umenunua kabati la kutunzia hasira.”

Zakaria alifungua mgongo wa ile mashine kwa bisibisi, akakuta mkanda unaozungusha pipa la ndani umekatika. Akaagiza mwingine Mwanza kupitia kondakta wa basi, akaufunga, mashine ikazunguka. Kisha akatoboa ukuta kwa chini, akapitisha bomba la bati jepesi, lile linalotoa mvuke na joto nje. Maana mashine ile inapumua, mwanangu. Inavuta hewa huku, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, halafu inaitoa nje ikiwa na maji yote ya nguo. Hayo nayajua kwa sababu alinieleza kila siku, niwe nasonga ugali au nalala. Sijawahi kumwona mwanaume anayejipenda kama Zakaria masika ile.

Na kweli kazi ilikuwa nyepesi. Mashuka yalitoka makavu huku mvua inanyesha. Bi Mwanaidi akaacha mzaha, akaleta na mapazia.

Masika hiyo hiyo nikamzaa mtoto wangu wa pili, Filbert, mdogo wake Devota. Chumba cha mashine ndicho kilichokuwa na joto kuliko vyote, tukaweka kitanda chake humo, kando ya ukuta. Mama mkwe wangu, Mama Melania, akapanda basi kutoka kijijini kwake Kirushya kuja kuniangalia. Alikuja na ndizi, maharage mapya, na kibuyu cha pombe ya ndizi kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kesho yake alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa ameshafagia uwanja, ameizunguka nyumba, amefyeka majani ya nyuma kwa sababu aliona njia za panya. Mimi nilikuwa mzazi, nikashukuru, nikalala tena.

Baada ya hapo mashine ikaanza kubadilika. Nguo zilitoka zina joto lakini mbichi. Ukuta wa chumba ukawa unatoa jasho, na kioo cha dirisha kikawa na ukungu. Tulisema ni mvua imezidi. Halafu siku moja pipa likawa linazunguka bila joto lolote, na ndani mashuka ya Bi Mwanaidi yamelowa. Naye ana wageni wa msiba wanatoka Ngara, vyumba vyote vimeshikwa. Alituma ujumbe kwamba mashuka aliyopelekewa juzi yananuka mbuzi aliyenyeshewa, na kwamba mtaa wa pili kuna msichana anafua vizuri kuliko mimi na hana mashine.

Zakaria akafungua tena mgongo. Akapima kwa testa, akagundua kuna kidude kidogo cha mviringo kimekufa. Kazi yake ni kukata moto ukizidi, kama fyuzi. Nyakanazi hakipatikani, Biharamulo hakipatikani, Mwanza labda. Sasa unajua mafundi wetu wanafanya nini hapo. Fyuzi ya jenereta ikikatika, wanaweka waya. Ya pampu ikikatika, wanaweka waya. Ya redio, msumari. Hakuna nyumba ya fundi niliyowahi kuingia nisikute kitu kilichopigwa dairekti, yaani kuungwa moja kwa moja bila fyuzi, na mwenyewe anakuonyesha kwa fahari. Zakaria akakitoa kile kidude, akakiweka dirishani, akaunga waya mbili pamoja, akazungushia utepe mweusi. Joto likarudi, tena kali kuliko la kwanza. Chumba kikanukia kama nguo inayopigwa pasi. Tukafurahi.

Mama Melania alikuwa anamwogesha mtoto humo chumbani. Alikiona kile kidude dirishani, akakishika, akauliza ni cha nini. Zakaria akamwambia kinakata moto ukizidi.

“Na moto ulizidi kwa nini?”

“Haukuzidi, mama. Kimezeeka tu.”

“Umejuaje?”

Zakaria akacheka, akasema hizo ni habari za mashine. Mama yake akamkausha mtoto, akamvisha, akampakata. Halafu akazima swichi ya ukutani kwa kidole chake mwenyewe, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mlango wa mashine. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la mashuka mabichi mkononi.

Zakaria alimsihi kwa adabu kwanza, kisha adabu ikapungua. Alisema mteja atakimbia. Alisema wageni wa msiba watalala kwenye magodoro matupu, na aibu itakuwa yetu. Alisema mambo ya Kirushya na mambo ya umeme ni vitu viwili. Mama alimwacha amalize.

“Zakaria, ulipokuwa mdogo uliwahi kukataa uji,” akasema. “Jirani akaniambia nikubane pua nikushindilie. Nikakufungua mdomo nikatazama, nikakuta kidonda kwenye koo. Hiki kitu kimekataa. Wewe umekibana pua.”

Akanigeukia mimi. “Na wewe unamlaza mtoto hapa.”

Nikamwambia, “Mama, mimi si fundi.”

“Kumtoa mtoto humu kunataka ufundi gani?”

Nikaweka beseni chini, nikachukua kitanda cha Filbert, nikakihamishia chumba chetu chenye baridi. Zakaria alinitazama kama mtu aliyesalitiwa. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, na mimi nilikuwa nimezoea kusimama upande wake hata akikosea njia ya sokoni.

Alipoona hawezi kutushinda, akachomoa waya wa umeme, akaivuta mashine kutoka ukutani kwa hasira mpaka ikakwaruza sakafu. Akasema atatuonyesha kwamba hakuna kitu. Akatoa chujio la mlangoni. Lilikuwa na manyoya ya nguo, yale malaini ya kijivu yanayotoka kwenye mashuka, lakini si mengi, kwa sababu nilikuwa nalisafisha. Akafungua mgongo. Huko ndani manyoya yalikuwa yamejikusanya pembeni ya koili ya moto kama kiota cha kuku, na upande mmoja yalikuwa yameungua, rangi ya kahawa. Akayatoa kwa mkono, akapangusa kila mahali. Kisha akachomoa bomba kwenye mashine, akapuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Akaingiza fimbo, ikagota kitu.

Tulizunguka wote wawili nyuma ya nyumba kwenye mvua. Zakaria akachuchumaa kwenye tundu la ukuta, akaingiza vidole, akavuta. Ukatoka mzibo wa majani makavu ya migomba, umesokotwa kwa nguvu, umebana vizuri kama ule wa mdomo wa kibuyu cha pombe. Upande wa nje ulikuwa umelowa. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, na alipoubonyeza ukavunjika kama tumbaku. Ulikuwa bado wa moto. Kabla sijakihamisha, kitanda cha mtoto kilikuwa ng'ambo ya ukuta huo, ungeweza kukigusa ukinyoosha mkono.

Akarudi nao ndani, akaweka mkekani. Akanitupia macho, na macho yale niliyaelewa. Majani ya migomba, kusokota, kuziba, hiyo ni kazi ya mwanamke.

“Ni wewe, Mama Devota?” akaniuliza.

Nikasema si mimi. Akauliza tena, taratibu zaidi, namna ile ambayo mtu ameshaamua jibu. Nikaanza kuapa.

Mama Melania aliuchukua ule mzibo, akaugeuza. Hakuna aliyemwona alipouweka. Angenyamaza, mimi ningebeba lawama, na yeye angepanda basi kurudi Kirushya akiwa yule mama aliyeokoa mjukuu wake.

“Mwache mkeo,” akasema. “Nimeziba mimi, siku ile ya kwanza. Niliona tundu chini ya kitanda cha mtoto, nikafikiri panya watanusa maziwa wamng'ate. Niliona bomba. Sikuuliza la nini.”

Zakaria, namjua mume wangu, akapata nguvu. “Kwa hiyo mama, kumbe ni wewe uliyetaka kutuchoma.”

“Ndiyo. Mimi nimeziba bila kuuliza, na wewe umeunga bila kuuliza. Mashine peke yake ndiyo iliyosema kweli, tena ukaikatiza.” Akanipa mtoto. “Sasa toa huo waya wako.”

Akautoa. Mashine ikakaa kimya mpaka kile kidude kilipoletwa kutoka Mwanza. Mashuka niliyapeleka gesti yakiwa na unyevu, nikayatandaza kwenye korido ya Bi Mwanaidi mbele ya majiko ya mkaa, nikisemwa tangu mlangoni mpaka uani. Wageni wa msiba walilala kwenye mashuka yenye harufu ya moshi. Bi Mwanaidi alihamishia kazi yake kwa yule msichana wa mtaa wa pili, na masika yote hakuturudia. Nakuambia hilo usije ukafikiri mwenye kufanya sawa hapotezi kitu. Tulipoteza, tukala maharage ya Kirushya.

Kidude kilipofika, Zakaria alikifunga mahali pake. Tundu la nje akaliwekea kipande cha tyubu ya lori, amekifunga kwa juu tu, kinafunuka mvuke ukitoka na kujifunga mashine ikizimwa. Panya haingii, pumzi inatoka. Mama yake alitoka nje kukifunua na kukifunika kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwamba kinafaa. Filbert hakulala tena chumba kile, hata baridi ilipozidi.

Sasa sikiliza ninachotaka kukwambia, mwanangu, kwa kuwa najua umenunua mashine yako na umeshika bisibisi. Sikukatazi kutengeneza mwenyewe. Kitu chako ukikifungua unakijua, na fundi wa kulipwa naye alianza kwa kufungua. Lakini chomoa waya wa umeme kwanza, usiishie kuzima swichi. Safisha chujio kila unapotoa nguo, na mara moja moja fungua mgongo utoe manyoya yaliyojificha, kwa sababu hayo ndiyo kuni. Nenda nje ukaweke mkono kwenye bomba, uone kama pumzi inatoka. Kilichowekwa kukata moto, kikifa, usikiruke. Tafuta kilichokiua, kisha nunua kingine, na mashuka yakisubiri acha yasubiri. Kama hujajua sababu, bado hujatengeneza.

Kabla hujafungua, waulize watu wa nyumbani wamegusa nini. Muulize mkeo, muulize mama yako, muulize mtoto, bila kuwatisha, maana mtu akitishwa anaficha. Na kama mkono uliokosea ni wako, sema mapema, kabla mwingine hajaanza kuapa. Mama mkwe wangu alisema mbele yangu, mkamwana wake, na toka siku ile sikuwahi kumficha jambo.

Nimemaliza. Mungu aibariki mikono yako ijue kutengeneza na ijue kungoja. Ampe mkeo ujasiri wa kukuambia ukweli, nawe ukubali kuusikia. Akulindie nyumba yako, na watoto unaowalaza waamke wazima.