Firigisi ya Mgombea

Jogoo niliyewapikia watu wa chama alikuwa mwekundu, mkorofi, na nilimfuga mwenyewe. Nilimbeba kwapani mpaka kwa jirani yangu Mwislamu, nyuma ya msikiti, amchinje yeye, kwa sababu niliambiwa mmoja wa wageni anatoka Mombasa na sikutaka aje kwangu akatae sahani. Nilitaka washibe. Nilitaka wakishanawa mikono wampe binti yangu tiketi ya kugombea kiti cha wadi.

Sisi ni Wabukusu. Marehemu mume wangu alinunua shamba huku Kitale tukahama kutoka Bungoma, na binti yangu alizaliwa hapa hapa. Aliolewa Misikhu, akakaa huko, halafu mumewe akapata kazi Kitale wakarudi kuishi karibu nami. Huyo mtoto ana kichwa. Maji ya soko yalipokatika, ni yeye alisumbua ofisi za kaunti mpaka wakachoka kumwona, wakaleta mabomba. Nikipita sokoni naitwa mama yake, na sitadanganya, shingo yangu huwa ndefu siku hiyo.

Alipoamua kugombea alijiunga na chama kilichoanzia Pwani, ati cha kiliberali. Nikamwuliza liberali ni mnyama gani. Akasema ni watu wanaoamini kila mtu yuko huru na hakuna anayezaliwa akiwa mkubwa wa mwenzake. Nikamwambia hao nitawapikia.

Shida ilikuwa mwenyekiti wa tawi, mtu wetu wa hapa, Mbukusu kama sisi. Alisema binti yangu ameolewa, kwa hivyo ni mtu wa Misikhu, akaombe kiti huko. Tukaenda Misikhu, mimi na binti yangu, nimevaa viatu vyangu vya kanisa vinavyouma. Wazee wa ukoo wa mumewe walitupokea vizuri, wakatupa chai yenye maziwa, wakamwambia binti yangu kwamba watoto wake ni wao kabisa, lakini yeye mwenyewe ni wa Kitale, arudi akaombe kura alikozaliwa.

Tukirudi tulisimama Kamukuywa kununua ndizi. Hapo ni katikati ya kule na huku. Nikamwambia, "Basi wewe ni wa hapa. Anza kuomba kura kwa hawa wa ndizi." Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Mtu mzima, amezaa, anatibu ng'ombe wake mwenyewe, halafu hana mahali pa kusimama aseme mimi ni wa hapa.

Basi siku ya wageni ikafika. Yule wa Mombasa alikuwa kijana mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata nikaona haya kufungua mdomo. Kabla ya chakula alitueleza chama chao. Alisema kitalinda uhuru wa kila mtu, mwanamke kwa mwanamume. Halafu akasema kitaheshimu utamaduni wa kila eneo, wa Pwani kwa wa Pwani, wa huku kwa wa huku. Mwenyekiti alipiga makofi kwa hilo la pili. La kwanza lilipita hivi hivi kama gari la watu wengine.

Sasa, kwetu kuku ana firigisi moja, na firigisi haikatwi. Haigawanywi. Anapewa mwanamume mkubwa kuliko wote mezani, na kila mtu anajua ni nani. Nimeona mkwe akiinuka na kuondoka kwa sababu alipewa kuku asiye nayo. Mama yangu hakula kuku kabisa maisha yake yote, alikuwa akipika tu na kulamba kidole akionja chumvi. Mimi kuku nakula, dunia imesonga. Lakini firigisi nimeosha, nimechemsha, nimepakua tangu nikiwa msichana, na ulimi wangu haukuwa umeigusa.

Siku hiyo nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikakumbuka ile chai ya Misikhu, nikakasirika upya. Nikaiweka firigisi kwa sahani ya binti yangu, juu ya ugali, ionekane.

Mwenyekiti akavuta bakuli. Akazungusha kijiko. Akainua paja, akachungulia chini yake. Akainua shingo. Akanywa supu kidogo kama mtu anayefikiri.

"Kukhu," akaniita nyanya kwa lugha yetu, kwa heshima, "huyu kuku alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzima. Majirani wote walimjua."

"Maana naona kuna kitu alizaliwa bila."

"Alizaliwa nayo. Iko kwa mgombea."

Yule wa Mombasa akauliza, bibi, kwani kinachotafutwa ni nini. Nikamweleza. Akacheka kwa moyo mweupe, akasema kwao hiyo wanaachiwa watoto. Hakuna aliyecheka naye. Mwenyekiti aliweka kijiko chini na kusema kwamba yeye hana neno, ila chama kimesema kitaheshimu mila, na kama mila inaanza kuvunjwa nyumbani kwa mgombea, wadi itafikaje salama.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika hapa kooni. Lakini binti yangu alichukua ile firigisi kwa vidole vyake, akainama, akaiweka kwa sahani ya mwenyekiti.

"Chukua, mzee. Mama anapenda utani."

Mwenyekiti akaila polepole, mbele yangu, akitafuna upande mmoja kwa sababu meno ya upande ule mwingine hana.

Walipoondoka nikamgeukia binti yangu. Nilimwuliza kama nilimsomesha ili awe mpishi mwenzangu. Alikuwa akikusanya sahani, hakuinua macho.

"Mama, mimi nilikuwa nataka tiketi. Sikutaka firigisi."

Nikajiambia pengine yeye ndiye anaona mbali.

Tiketi akapewa mwanamume anayenunua mahindi, mtu ambaye mikutano ya wadi huwa anaipita na lori bila kupunguza mwendo. Mwenyekiti alisema watu wa huku bado, mila inataka kwenda pole pole. Yule kijana wa Mombasa alipiga simu kuomba radhi. Alisema makao makuu yameachia kila eneo liamue kulingana na utamaduni wake, na kwamba hata kwao wanawake huambiwa maneno hayo hayo. Nikamwambia asante mwanangu. Uhuru wao ulitoka Mombasa ukafika mpaka mlangoni kwangu, hapo ukabisha hodi na kungoja wazee waitikie.

Halafu, bila haya, mwenyekiti akarudi kumwomba binti yangu akusanye wanawake wa kumwimbia yule wa mahindi kwenye mkutano wa hadhara, wacheze kamabeka, ile ngoma yetu ya kutikisa mabega. Mabega ya wanawake mila inayaruhusu. Nilimpa mwenyekiti chai ya rangi, bila maziwa, na akaelewa. Lakini binti yangu alikubali. Akasema siasa haiishi mwaka huu. Hatukusemezana mpaka siku yenyewe.

Siku hiyo nilibaki nyumbani. Vipaza sauti vilikuwa vikisikika mpaka shambani, na wimbo niliujua, ni ule ambao wanawake walimtungia binti yangu. Pale palipokuwa na jina lake walikuwa wameweka la yule mwanamume, na halikukaa vizuri, lilikuwa refu, ikabidi walikimbize. Kwa hasira nikakamata kuku. Hakukuwa na mgeni. Nilitaka tu kunyonyoa kitu.

Binti yangu alitokea kabla mkutano haujaisha, fulana ya chama ameikunja mkononi. Akaketi. Nikaweka ugali na bakuli katikati, firigisi ikiwa juu, sikuigawa kwa mtu. Akaitazama. Akachukua kisu cha sukuma wiki, akaikata katikati, nusu akaiweka kwa sahani yangu.

Niliitafuna. Nikatafuna tena. Ilikuwa nyama ngumu, kavu, yenye ladha ya ini lililosahauliwa jikoni.

"Ni hii tu?" nikamwuliza.

"Ni hii tu, Mama. Nikiisha kula naenda kuuliza vile watu husimama bila chama."

Nikamwongezea ugali. Hasira haikuisha. Nilipofikiria yule mzee alivyoitafuna polepole, kwa meno ya upande mmoja, ilizidi.