Chuma cha kurefusha mguu kilipita test, kikaja kukwamia kwenye goti la mdogo wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Niko maabara, napima vyuma vya kurefusha mguu. Daktari anakata mfupa wa paja, anaingiza chuma ndani, kisha sumaku ya nje inakirefusha kidogo kidogo na mfupa mpya unajaza pengo. Kazi yangu ni kukitesa chuma kwenye mashine kabla hakijaingia kwa mtu.

Sasa mdogo wangu Neema yuko nyumbani, Kinampanda. Utotoni alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Alikuwa anasubiri chuma hicho hicho ninachopima. Presha yangu mnaielewa.

Tulikikandamiza kwa wima, kama mgonjwa anayetembelea magongo. Kikapita. Nikapiga simu home kwa mbwembwe zote.

Nikaenda likizo. Tuko uani tunapiga alizeti, akaingia baba mkubwa. Neema akashusha goti la kushoto, uzito wote hapo.

"Shikamoo baba mkubwa."

Mimi nimeganda nakodolea goti, mpaka mzee akaniuliza kama mjini salamu zimefutwa!

Nikamwambia Neema akishawekewa chuma asipige goti.

"Nitajitahidi kaka. Ila nikiona mtu mzima linashuka lenyewe."

Namjua. Hata daktari amkataze, litashuka.

Niliporudi nikamweleza bosi, tukarudia test, safari hii tukikipinda kwa nguvu ya mtu anayeinuka toka magotini. Aisee, hakikuvunjika, kilipinda kiduchu tu. Lakini kikagoma kurefuka, sumaku inazunguka bure. Ingekuwa ndani ya paja la Neema, angepasuliwa upya.

Watengenezaji wakakichukua kukiimarisha. Operesheni ikaahirishwa.

"Kaka, umenirudisha nyuma," akasema, akaacha kupokea simu zangu. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Toleo jipya tulilipinda mpaka nikalionea huruma. Likaendelea kurefuka vizuri. Neema akafanyiwa operesheni, mguu ukarefuka, tukabaki kusubiri mfupa ukomae.

Muda wote huo baba mkubwa akija alikuwa anapaza sauti akiwa bado njiani: "Marahaba mwanangu, marahaba, usishuke!" Majirani walicheka sana.

Mwezi uliopita daktari akamruhusu. Mzee akaja na marahaba zake za mbali kama kawaida.

"Bado sijakusalimia, baba mkubwa," Neema akasema.

Akapiga goti la kushoto. Akainuka bila kushika ukuta. Mzee akaitikia marahaba, safari hii kwa sauti ndogo.

Nilichojifunza: usipime chuma bila kujua atakayekibeba anaishije.

Haya, tiririkeni. Kwenu watu wanachuchumaa vipi, wanainama vipi, wanabeba nini? Niambieni kabla ya Jumatatu, kuna chuma kingine kinapanda mashineni.