Siku Niliyoachia Fimbo ya Mama wa Kitui

Nilipochukuliwa kwa majaribio kwenye mabwawa ya samaki karibu na Matiliku, sikuwa nimewahi kumgusa samaki aliye hai. Kwetu Matinyani tulimwona sokoni tu, amekaangwa, amejikunja, na mama yangu alipita pale akitazama upande wa pili. Alisema mnyama asiye na miguu ni jamaa ya nyoka, hata akitiwa chumvi. Kwa hivyo nilipompigia simu kumwambia kwamba nimepata kazi ya kutunza samaki, aliuliza, "Kuwatunza vipi? Wanaenda malishoni?"

Hata hivyo Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa sababu kijana wake, yule asiyeongea, amejitafutia kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Alinisimulia hayo yote kwa simu, na mimi nikashindwa kumwambia kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya mwezi mmoja wa kuangaliwa. Sikumwambia pia maneno ya meneja. Meneja alikuwa amenikalisha siku ya kwanza akasema, "Kazi hapa ni samaki na wageni. Samaki hasemi. Na wewe usiposema, nitakuwa nimeajiri samaki mwingine. Mwezi ukiisha kama bado umenyamaza hivi, unarudi kwenu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaona?" akasema.

Mabwawa yalikuwa matatu, yamepangana kwenye mteremko, yote ya mtu mmoja, yamezungushiwa waya. La juu lilikuwa la samaki wadogo. La kati lilikuwa la kambare, wenye vichwa vipana na ndevu ndefu. La chini ndilo lililokuwa kubwa, na humo walikaa wale samaki wanene wa rangi ya shaba ambao wageni walitoka hata Nairobi kuwafuata.

Jambo ambalo sikulielewa, na sasa pia silielewi vizuri, ni kwamba hakuna aliyewala. Mgeni alikaa na fimbo yake ya kuvulia tangu asubuhi mpaka jioni. Akimvuta samaki mkubwa kama mbuzi mchanga, tulimlaza samaki kwenye godoro lililoloweshwa maji, mgeni akapigwa picha naye, tukampaka samaki dawa ya kidonda mdomoni pale ndoano ilipoingia, kisha tukamrudisha. Jumamosi iliyofuata mgeni yule yule alikuja kumtafuta samaki yule yule.

Na chambo chao kilikuwa mahindi. Niliyachemsha tangu alfajiri kwenye sufuria kubwa, nikayatia asali. Nyumbani tungeyachanganya na maharagwe ikawa isyo, tukala siku mbili. Nilionja mara moja. Yalikuwa matamu. Sikujua kama nimemwibia meneja au nimewaibia samaki.

Jumamosi yangu ya kwanza nilijiaibisha. Fimbo ya mgeni mmoja ilipinda, watu wakakimbia ukingoni, na meneja akanipigia kelele, "Kijana! Kapu! Haraka!" Nikakimbia stoo. Nilirudi na kapu kubwa la ukindu, lile la kubebea makaa, nikalisimamisha mbele yake.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Kapu," nikasema.

"Kapu ni huyo ndani ya maji! Nilitaka wavu!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kapu ni jina la wale samaki wa rangi ya shaba, neno la Kizungu likipita kwenye ndimi zetu. Wageni walicheka mpaka mmoja akalazimika kuketi chini. "Basi mtume sokoni alete nyanya na vitunguu," alisema mwingine, "kapu lisirudi bure!"

Jioni hiyo niliamua kwamba sitakisia tena na sitauliza. Nitafanya neno kama lilivyo. Nikiambiwa leta, nitaleta. Nikiambiwa weka, nitaweka. Niliona nimepata njia salama ya kumaliza mwezi.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyenisemesha kila wiki. Alikuwa mama mwenye duka la vitambaa mjini Kitui. Watu wake walitoka Pwani zamani. Yeye alizaliwa Kitui, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kinapinda mahali ambapo changu kimenyooka. Alivaa buibui na gumbuti za mpira, na pindo la buibui alilichomeka ndani ya gumbuti ili lisiguse matope. Alikuja kwa ajili ya kapu mmoja tu, aliyechanika mkia upande wa juu. Siku moja, kabla sijafika mimi, alimvuta mpaka karibu na wavu, na uzi ukakatika. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja.

"Mwanangu," aliniambia mara ya kwanza, akiwa ameshasikia kwetu ni wapi, "shikamoo haijafika Matinyani?"

Nilitazama viatu vyangu. Jibu zuri lilinijia jioni, gari lake likiwa limeshaondoka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wangu alifika mapema, akatega fimbo mbili kwenye vishikio vyake, kila moja na kile kidude kinacholia samaki akivuta. Hakuna kilicholia asubuhi nzima. Jua lilipofika utosini akaniita.

"Nakwenda kuswali. Niangalizie fimbo zangu."

Akaenda chini ya kibanda cha mabati, akavua gumbuti, akatandika mkeka. Mimi nikabaki na neno lile. Sheria ya pale ilikuwa kwamba mfanyakazi haruhusiwi kugusa fimbo ya mgeni bila ruhusa. Sasa, niangalizie ni ruhusa au si ruhusa? Kwetu ukiambiwa umwangalie mtoto, humwangalii kwa macho tu, akianguka unamwinua. Lakini ukiambiwa uangalie gari la mtu, huliendeshi.

Kabla sijaamua, kidude kikalia.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesujudu. Hata kama ningekuwa mtu wa kupiga kelele, ningempigiaje kelele mtu aliye mbele ya Mungu? Meneja alikuwa mbali, getini. Fimbo ilipinda, kishikio kikaanza kung'oka ardhini. Nikaikamata fimbo.

Sikuwa nimejua kwamba samaki ana nguvu kiasi hicho. Ilikuwa kama kumvuta ndama asiyetaka kamba, isipokuwa ndama unamwona. Uzi haukutoka hata kidogo, kwa sababu mama alikuwa amekikaza kigurudumu cha kuzungushia uzi. Nilichimba visigino kwenye udongo. Mbele yangu maji yakafumuka, mkia ukatokea, na upande wa juu wa mkia ule ulikuwa umechanika.

Nikasikia miguu mitupu ikija mbio.

"Mwachie!" mama alipaza sauti. "Mwachie!"

Niligeuza shingo kumtazama. Sikuamini. Miezi yote hiyo amemtafuta, na sasa anasema hivyo?

"Mwachie aende, mwanangu, utanikatia uzi!"

Nikaachia.

Nilifungua mikono yote miwili. Fimbo iliruka kutoka ukingoni, ikapiga maji, ikaondoka. Mpini wake ulikuwa wa mti mwepesi kama wa vizibo vya chupa, kwa hivyo haukuzama sana. Ulikata maji kama bata mwenye haraka, ukielekea katikati ya bwawa. Tuliutazama sote wawili.

"Umefanya nini?" mama akauliza, polepole.

"Nimeachia."

"Umeachia nini?"

"Fimbo."

"Nani kakwambia uachie fimbo?"

"Wewe, mama."

"Nimekwambia umwachie samaki!"

"Samaki sikuwa nimemshika," nikasema. "Nilikuwa nimeshika fimbo."

Sikuwa namjibu vibaya. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini wageni wa upande wa pili walisikia, na kicheko kikaanza kuzunguka bwawa. Meneja akafika akihema.

"Fimbo ya mama iko wapi?"

"Imekwenda," mama akasema.

"Imekwenda wapi?"

Mama akanyoosha kidole. "Bado yaenda."

Meneja alitazama majini, kisha akanitazama mimi. "Haki, nilijua. Hasemi, na kumbe hasikii pia. Wewe, panga nguo zako."

Nilimwona mama yangu amesimama kanisani, na watu wale wale waliopiga makofi wakimuuliza mbona kijana amerudi. Miguu yangu ilitaka kwenda kupanga nguo, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nipange nguo. Lakini mama wa Kitui alinishika mkono wa shati.

"Ngoja wewe. Fimbo ni yangu, na mwenye kukasirika ni mimi, nami sijakasirika bado. Tupeni mashua kwanza."

Mashua ilikuwa ile ndogo ya plastiki ya kumwagia samaki chakula. Meneja alishika makasia, mimi nikakaa mbele. Na mtu anayepiga makasia hugeuzia kisogo anakokwenda. Hilo sikuwa nimelifikiria. Meneja alikuwa ananitazama mimi, fimbo ikiwa nyuma yake, na macho pekee yaliyoiona ndani ya mashua yalikuwa yangu.

"Wapi?" akauliza.

"Kushoto," nikasema.

"Sema kwa sauti! Kushoto kwangu au kwako?"

Tulikuwa tumeelekeana, na nikachanganyikiwa kabisa. Tukazunguka mahali pamoja mara mbili. Mpini ukazama, ukaibuka mbali zaidi. "Kilimani!" nikasema. "Upande wa kilima! Sasa getini! Getini! Simama!" Sauti ilitoka juu ya maji ikagonga ukingo wa pili na kurudi, na kwa muda nilidhani kuna mtu mwingine anayepiga kelele.

Niliinama nikaukamata mpini. Uzi ulikuwa bado hai. Samaki akavuta, mashua ikalala upande, meneja akamwita Mungu kwa Kikamba. Kutoka ukingoni mama akapaza sauti tena, "Mwachie! Mwachie!"

Safari hii sikufungua mikono. Nilipiga kelele mbele ya wageni wote, "Mama! Mwachie ni kufanya nini?"

"Legeza! Zungusha kifungo nyuma, uzi utoke!"

"Nyuma kwangu au kwako?"

Watu walicheka sana, lakini sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nikajaribu upande mmoja, kikakaza. Nikajaribu wa pili, na uzi ukaanza kutoka ukiimba. Kumbe kwa watu wake kumwachia samaki ni kumpa uzi akimbie, achoke, huku wewe umeshika. Kwetu kuachia ni kuachia.

Tulirudi taratibu. Nilimpa mama fimbo yake, akapambana na samaki yule muda mrefu, miguu mitupu ndani ya matope, pindo la buibui limelowa lote. Mimi nikamtia samaki wavuni. Tulimlaza kwenye godoro. Alikuwa yule yule wa mkia uliochanika.

Meneja alikuwa ameshasahau hasira. Alitoa simu. "Mama, mshike tupige picha. Jina lako linaenda kwenye ubao wa waliokamata wakubwa."

"Mimi sikumkamata," mama akasema. "Nilikuwa naswali. Muandike kijana."

"Kijana alimwachia."

"Basi jiandike wewe, uliyepiga makasia."

"Mimi ni meneja!"

Walibishana hivyo huku mimi namwagia samaki maji. Niliwasikiliza wote wawili na kila mmoja alionekana kusema kweli. Fimbo ya mama, mikono yangu, na katikati hapo kulikuwa na muda ambao samaki alivuta fimbo peke yake bila mtu. Mdomo wa samaki ulianza kufunguka kwa shida.

"Nimrudishe?" nikauliza.

Wakageuka. "Mrudishe," walisema kwa pamoja.

Nilifikiri tena. "Majini?"

"Sasa utamrudisha wapi, Matinyani?" meneja akasema, na mama akacheka mpaka akashika magoti yake.

Hakuna jina lililoandikwa ubaoni. Mama alipokuwa akikunja vitu vyake aliniambia, "Jumamosi nitakuja kumtafuta."

"Lakini mama, si umempata leo?"

"Nani kasema nimempata?" Alikuwa anatabasamu, ila macho yake yalikuwa bado kwenye maji, na sikuweza kujua kama siku ile ilikuwa nzuri kwake au mbaya.

Kwa upande wangu, niliambiwa nipange nguo na hakuna aliyeniambia nizipangue. Usiku nilizikunja nikazitia kwenye mfuko. Jumapili mama yangu alipiga simu, nikamwambia niko salama. Jumatatu mwezi wangu ulikuwa umeisha. Nilisimama mlangoni mwa ofisi mpaka meneja akainua kichwa.

"Mwezi umeisha," nikasema. "Niende au nibaki?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Kuna wageni wawili bwawa la kati hawajapewa viti, na wewe umesimama hapa unaniuliza maswali?"

Nilingoja kama ataongeza kitu. Hakuongeza, alikuwa ameshika simu. Nikachukua viti viwili, nikashuka navyo, na njia nzima nilikuwa nayageuza maneno yale nione kama ndani yake mna ndiyo au hapana.

Wageni walikuwa mume na mke, wapya. Mwanamume alinitazama mimi na viti vyangu. "Wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

Nilifikiri kidogo.

"Ndiyo," nikasema, na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa karibu wa kunikatalia, nikawafungulia viti.