Madole Manne ya Masizi

Nakumbuka soda nne, mwanangu, kabla sijaikumbuka hata siku yenyewe. Zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, kwenye meza ya ofisi pale Kibaha, zikimsubiri mgeni mheshimiwa ambaye hakuwapo duniani. Mimi ndiye niliyemzua. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye mikono ya kusukuma randa na akili ya kukwepa foleni, na siku ile foleni zote nilizozikwepa zilinikuta pamoja.

Kaa vizuri nikusimulie. Nasikia unasafiri, na kwenye pasipoti yako wamegonga siku tisini. Nimesikia pia ukimwambia mama yako, "Zikiisha tutaona." Hilo "tutaona" ndilo lililonifanya nikuite.

Wengi hapa Kisarawe wananidhani Mzaramo kwa jinsi ninavyoula ugali wa mihogo. Sivyo. Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nikaja Tanzania na kundi la maseremala miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati Kisarawe nzima ilikuwa inahitaji milango na madirisha. Mpakani nilipewa pasi ya mwaka mmoja. Ofisa aliyenipa alikuwa na haraka, na alisema sentensi moja tu: "Muda ukikaribia kwisha, nenda ofisi ya uhamiaji, au mwone balozi wako akuelekeze."

Ofisi ya uhamiaji sikuijua ilipo. Lakini balozi nikaona ni jambo rahisi, maana mwaka ulipokaribia kwisha nilimuuliza fundi mwenzangu, "Balozi wangu anakaa wapi?" naye hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha kidole.

"Si yule pale anayefukuza nguruwe pori kwenye mihogo."

Nikatazama. Mzee mmoja mwembamba, kanzu ameikunja mpaka magotini, anakimbia na fimbo huku akimtukana nguruwe kwa Kizaramo. Mwanangu, usinicheke. Kwetu balozi ni mtu wa gari na bendera. Lakini nilikuwa nimesikia sana kwamba nchi hii watu wote ni sawa, basi nikajiambia: huu ndio Ujamaa wenyewe, balozi wa nchi analima mihogo na kufukuza nguruwe kwa miguu yake! Heshima yangu kwa taifa hili ilipanda siku hiyo, na haijawahi kushuka.

Yule alikuwa Mzee Mfaume, balozi wa nyumba kumi za kijiji, si wa nchi. Nilimwamkia, nikampa pasi, nikamwambia muda unakwisha. Akaigeuza juu chini. Akaniuliza kama ni pasi kweli, maana yeye aliyoizoea ni ya mkaa, ya kunyooshea kanzu. Kisha akaelewa kwamba kijana wa watu anaomba kuendelea kukaa, na kwake hilo halikuwa na ugumu wowote. Akaandika kwa kalamu ya risasi, pole pole, ulimi ukiwa nje: *Huyu ni mtu wangu. Aendelee. Randa yake nzuri.* Mhuri hakuwa nao, wala wino. Akachovya dole gumba kwenye masizi ya sufuria, akaligandamiza hapo chini.

Nikaondoka kifua mbele.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa, na wengi hudhani kosa ni lile la nguruwe. Lile lilikuwa ujinga, na ujinga hauna aibu kubwa. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza, ila nilijibiwa swali jingine. Haikupita miezi mitatu nikatambua balozi wa nyumba kumi ni nani. Nilimwona akisuluhisha ugomvi wa kuku, nikamsikia akitangaza siku ya kusafisha kisima. Nikajua. Na nilipojua, nikanyamaza. Mwaka wa pili nikampelekea pasi tena, akabonyeza dole. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Mwaka wa nne sikuhitaji hata kueleza. Akiniona tu nimeshika kijitabu, anamwita mkewe alete sufuria.

Ujinga wangu, kwa hiyo, ulidumu miezi mitatu. Iliyobaki ilikuwa woga, na uvivu umeukalia woga mabegani.

Katikati ya hayo nikamwoa Tatu, mpwa wake Mzee Mfaume. Tatu alikuwa na ulimi mkali na macho yasiyopitwa na kitu. Aliwahi kuniuliza, "Hiyo karatasi yako mbona ina masizi kama mwiko?" Nikamwambia mambo ya serikali mwanamke hayajui. Alinitazama tu. Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na hadithi, na ningekuwa na furaha zaidi.

Mimba ya Tatu ilipofika miezi saba, nikapata barua kwamba mama yangu anaumwa, anataka kuniona. Kwenda ni rahisi. Kurudi je? Nikaenda Kibaha, kwenye ofisi ya uhamiaji, jengo lenyewe bado linanuka rangi mbichi, nikamkuta karani kijana dirishani.

"Umekaa miaka mingapi?"

"Mitano."

"Nani amekuongezea muda?"

Mwanangu, ningeweza kusema kweli. Mdomo ulishafunguka. Lakini nikasema, "Balozi," nikaishia hapo hapo.

Karani akanyanyua kichwa. "Balozi mwenyewe? Pasi iko wapi?"

"Iko kwake," nikasema, nayo iko mfukoni mwangu inanichoma paja. "Atakuja nayo. Alhamisi."

Sijui nini kilinisukuma. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba ufupi wake ni wa kuanzia dirishani mpaka mlangoni tu. Kabla sijatoka, nilimsikia karani akimkimbilia mkubwa wake: "Mzee, Alhamisi tunatembelewa na balozi!"

Nilimwomba Mzee Mfaume anisindikize, nikamwambia wanataka tu athibitishe kuwa ananifahamu. Akafurahi mno. Akavaa kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, na kwa kuwa si adabu kwenda kwa watu mikono mitupu, akabeba fenesi lililoiva, kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Tukashuka Dar kwa basi, tukadandia lori la mkaa barabara ya Morogoro. Njia nzima harufu ya fenesi ilitutangulia.

Tulipofika, nilitamani ardhi ipasuke. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Wafanyakazi wamesimama safu mbili. Mkubwa wa ofisi, baba mnene mwenye sauti ya taratibu, amevaa suti yake nzuri na anatazama barabarani kwa kutafuta gari lenye bendera. Lori la mkaa likasimama, mzee akashushwa na fenesi lake, na wale watu wakasogea kando ili asiwazibe.

"Asalaam aleikum," akasema Mzee Mfaume.

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Shikamoo. Tusaidie kupisha hapo, tunamsubiri balozi."

"Marahaba. Ndiye mimi."

Mkubwa akamtazama. Akanitazama mimi. Akalitazama fenesi.

"Balozi wa nchi gani, mzee?"

"Nchi?" Mzee Mfaume akacheka kwa upole. "Mimi nina nyumba kumi, mwanangu. Kumi na moja, ukiitia na ya Bi Zainabu aliyejenga juzi."

Karani wa dirishani aliinamia viatu vyake. Mmoja kwenye safu alianza kucheka, akajifanya anakohoa, wenzake wote nao wakapatwa na kikohozi. Mkubwa hakucheka. Alimshika mzee mkono, akamwingiza ndani kama alivyopanga kumwingiza yule mwingine, akamketisha mbele ya soda. Fenesi likawekwa juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa kile hakikupona.

Akaomba pasi. Nikaitoa mfukoni, mbele ya karani niliyemwambia haipo kwangu. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"*Randa yake nzuri*," akasoma kwa sauti. "Na hii nyeusi?"

"Dole langu," akasema Mzee Mfaume. "Na hili pia. Yote manne."

"Wino gani huu?"

"Sufuria. Ya wali, ile ya ugali haina masizi mazuri."

Hapo hata mkubwa alishindwa, akageukia ukutani, mabega yakamtetemeka. Alipogeuka tena uso ulikuwa umetulia, na swali lake lilinielekea mimi.

"Wewe fundi. Ulijua kwamba mzee huyu hana uwezo wa kukuongezea hata siku moja?"

Mzee Mfaume akaweka chupa ya soda mezani.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya dole la pili."

Akalitazama dole lake gumba, akaligeuza, akalifuta kwenye kanzu, ingawa siku hiyo lilikuwa safi. Alisema kwa sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo niliyoibeba maisha yangu yote.

"Nilikuwa nadhani nakuandikia kwamba wewe ni mtu wangu. Kumbe ulinifanya mhuri. Miaka minne umenipaka masizi, nami najiona nabonyeza dole tu. Ungeniambia, Fundi, ningekuleta hapa kwa miguu. Kutoka Kisarawe, kwa miguu."

Niliona aibu, mwanangu. Sina neno jingine. Kucheka kote kule nje hakukuniuma, hilo liliniuma.

Mkubwa akasema yaliyo ya sheria. Nimepitisha muda miaka minne. Ninapewa siku saba niondoke. Nikitaka kurudi, niombe nikiwa kwetu, na kuomba si kupewa. Nikapiga magoti, nikamwambia mke wangu ana miezi saba. Akaniinua.

"Ungekuja ule mwaka wa kwanza na kusema ulivyosema leo," akasema, "ningekugongea kabla chai yangu haijapoa."

Fenesi tulilila wote, maana mzee alikataa kurudi nalo. Barua yangu ya kuondoka iliandikwa na mkono wenye ulimbo, ikanigandia vidoleni mpaka Kisarawe.

Basi nikaenda. Mama nilimkuta, akapona, na alipopona kazi yake ikawa kunicheka. Nikaomba kurudi. Mara ya kwanza nikafika darajani, mto Songwe unapita chini, nikaambiwa majibu yangu hayajafika, geuka. Mara ya pili nilikuja na barua aliyoituma Mzee Mfaume, nikajua amenisamehe. Ofisa akaifungua, akaona dole jeusi, akaniuliza kwa huruma kama nina barua nyingine ya mtu mwenye wino. Geuka tena. Nilikaa ukingoni mwa mto, naitazama Tanzania iliyo karibu kiasi cha kusikia jogoo wake, na nilikuwa nimeshahesabu kwamba Tatu amejifungua.

Nani aliyenitoa pale? Mzee Mfaume. Alikwenda Kibaha mara tatu, akakaa kwenye benchi la foleni kama kila mtu, akauliza karatasi gani inatakiwa, ikatakiwa nyingine, akaileta. Hakuchovya dole popote. Mara ya tatu nilipofika darajani, ruhusa ilikuwa inanisubiri, safi, na mhuri wake wa wino.

Nilifika Kisarawe mchana, nikiwa na doti ya khanga ya Tatu mkononi. Mzee Mfaume alikuwa barazani amempakata mtoto wa kiume mwenye miezi minne. Mwanangu wa kwanza. Nikanyoosha mikono. Mtoto akanitazama usoni, akatazama ndevu, akapiga ukelele uliowatoa majirani wote kumi na mmoja. Nikijaribu kushoto, anageukia kulia. Amejibana kwenye kanzu ya babu yake, amekamata lile dole gumba kwa mkono mzima, haliachii.

Tatu akatoka ndani, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwache," akasema. "Hajaiona pasi yako."

Walicheka wote. Nami nilicheka, machozi yakinitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Darajani nilikataliwa mara mbili na watu nisiowajua. Hapa nilikataliwa na damu yangu, naye hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechelewa kuingia. Zilipita siku tano akanikubali. Nilizihesabu zote nikiwa nimekaa kwenye mkeka mbali kidogo, kama mwombaji yeyote.

Sasa nakwambia wazi, mwanangu, usije ukasema mzee alikuchekesha tu. Tarehe waliyokugongea isome leo, si siku inapokwisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Usipoelewa, muulize mwenye ofisi, usimuulize mpita njia. Ukikosea, kaseme siku hiyo hiyo, na useme yote, maana nusu ya ukweli itaandaliwa soda na kutandikiwa kitambaa. Na mtu anayekupenda akikuambia "wewe ni mtu wangu," neno hilo ni la kuhifadhi moyoni. Usilipeleke mpakani kufanya kazi ya karatasi.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe mlango wa kuingilia na mlango wa kurudia, yote miwili ya mbele. Na utakaporudi, akujalie ukute watoto wako bado wanakijua kicheko chako.