Sinia la Bi Rukia limeonekana darini

Leo dari imemuumbua mke wangu Rukia. Wallahi, sijapata kuona!

Kijana wetu anataka kuongeza ghorofa juu ya nyumba yetu hapa Likoni. Kaleta injinia apime kama dari ya zege tuliyoimwaga mwaka wa kabla ya uhuru itahimili.

Injinia kagongagonga, kasifu. Dari nzima kuliko mimi!

Kisha mashine yake ya kutafuta vyuma ikapiga kelele pahali pasipo na nondo.

Kachimbua kidogo kwa patasi.

Ikang'aa shaba. Sinia!

Sasa nyinyi hamjui. Sinia hilo la harusi ya Rukia lilipotea siku ile ile ya kumwaga zege, majirani wamejaa wanatusaidia. Rukia akamwita Bi Zuhura wa nyumba ya pili mwizi. Tangu hapo hawaamkiani. Hata misibani hawaendeani. Kumbe sinia lilizikwa na zege letu wenyewe!

Nikamtazama Rukia. Yeye akatazama sakafu.

"Nenda kamwite," akaniambia taratibu.

Bi Zuhura kaja na mkongojo wake. Kainua shingo, kaitazama dari weee.

"Nisamehe, Zuhura," akasema Rukia.

Mimi nikamvutia Bi Zuhura kiti.

Injinia akauliza, "Tulitoe, mama?"

"Liacheni hapo hapo," akajibu Bi Zuhura. "Nitakuja kila alasiri ninywe kahawa yake, nikilitazama."

Rukia akacheka huku analia.

Haya niambieni, jamaa, kahawa hiyo ataipika nani? Mimi nishatumwa tangawizi!