Mimi, Wifi Mwanahawa na Dawa Moja

Nakumbuka, wanangu, siku niliyojificha nyuma ya jiko la wifi yangu. Niliaibika, na nilistahili.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, tukiishi kijijini karibu na Kibiti. Mimi na Mwanahawa, dada wa mume wangu, tulikuwa wanene, magoti yanatuuma. Mganga wa zahanati akatupa shauri moja: tupunguze wali na nazi, tutembee kila siku.

Miezi ikapita. Mimi kanga ikawa inanizunguka mara mbili, Mwanahawa yuleyule. Basi kisimani, mbele ya wanawake wote, nikamwambia, "Wifi, wewe dawa yako unaipika na nazi?"

Wakacheka. Yeye akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Nikaona nimkamate akila. Siku ya tatu, mchana, nikachutama nyuma ya jiko lake, nachungulia. Akawapakulia watoto, mwenyewe akanywa maji tu. Mara siafu wakanipanda miguuni! Nikaruka hadi uani, napiga kelele, kanga mkononi. Mwanahawa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akateleza chini, macho yamejifumba.

Alipopata fahamu akasema, "Tangu siku ile ya kisimani sijala, wifi. Nilitaka nikonde kama wewe."

Mama mkwe akaja mbio na uji, akamnywesha, kisha akanigeukia.

"Wewe umezaa wawili, yeye saba. Goti lake limevimba, hawezi mwendo wako. Na mimi niliyemzaa ni mnene tangu usichana, na mama yangu vivyo hivyo. Unamcheka kwa lipi?"

Nikamwomba radhi Mwanahawa, kisha nikarudi kisimani kuomba radhi mbele ya walewale. Tukawa tunatembea pamoja, kwa mwendo wake. Alipungua kidogo tu, lakini maumivu yalitulia, na kwenye harusi ya mwanawe alicheza mpaka wapiga ngoma wakachoka.

Sasa nasikia mnamsema shoga yenu aliyepasuliwa tumbo hospitali ili apungue, eti mwenzake aliyepasuliwa hukohuko kakonda zaidi. Mnajua umri wake, maradhi yake, dawa anazomeza, mwili aliorithi? Kisu kinaweza kuwa kimoja. Miili ni miwili. Muulizeni anaendeleaje, mumsindikize kliniki, mle naye anachoruhusiwa. Na akipungua kidogo, mshangilieni kwa hicho kidogo.

Mwenyezi Mungu awape afya, wanangu, na awajaalie wenzi wa kutembea nanyi pole pole.