Jiwe Likipewa Muda

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya mawe pale Embu, Fundi Mkuu alinipa koti la mtu aliyeacha kazi, akaniweka mbele ya mashine ya kukandamiza. Kati ya mabamba yake mawili aliweka kipande cha mwamba wa mafuta, jiwe jeusi la matabaka linalonuka mafuta ya taa.

"Ongeza mzigo polepole, mama. Halafu sikiza."

Nikasikiza. Kabla ya kuvunjika, jiwe lilianza kulia ndani: ta, ta-ta, kama maganda ya ndengu yakipasuka juani kwetu Siakago.

"Hizo ni nyufa zinatafutana," akasema. "Ukienda mbio hazipati nafasi ya kukutana. Jiwe linaonekana gumu kuliko lilivyo, halafu linalipuka bila kuaga."

Nyinyi mnaoanza kazi hii, shikeni hilo. Kipimo kisichosema kasi ya mzigo ni uongo.

Mwaka wa pili Fundi Mkuu alistaafu, akaja Meneja, mtu wa tai. Wakati huo mawe yalitoka kwenye handaki la majaribio huko kaskazini, ambako nguzo za jiwe hilohilo ndizo zilizoshikilia dari. Chini ya dari hiyo alifanya kazi mume wangu, Mugendi.

"We Mama Kendi, unapika githeri hapo? Piga mbio!"

"Nguzo inabebeshwa mzigo miezi, bosi. Haipigwi mbio."

"Mwenye handaki anataka jiwe gumu."

Akapima mwenyewe, mbio. Jiwe lilinyamaza, halafu paa! Akaandika kipimo hicho, akafuta changu, na asubuhi hiyohiyo akatuma karatasi handakini kwa simu. Nilikasirika mpaka maziwa ya kumnyonyesha Kendi yakanikauka.

Saa ya chakula nikampigia Mugendi. "Ukisikia ndengu kwenye nguzo, acha vyombo, toka."

Akashusha sauti: "Tunazisikia tangu Jumatatu."

"Na mnangoja nini?"

"Si karatasi yenu imesema jiwe ni gumu?"

"Karatasi ni uongo! Usirudi ndani, na wenzako uwazuie!"

Hawakurudi ndani. Dari ilianguka kabla ya jioni. Mimi nikafutwa kazi kwa kutoa siri ya ofisi. Ndiko kustaafu kwangu huko, bila keki, mtoto mgongoni. Sijutii, na sijasamehe.

Sasa tuko Siakago. Ndengu tumeanika kwenye veranda, na jua likikaza, maganda yanaanza: ta, ta-ta. Kendi anacheka, anapiga makofi. Nageuka nimwonyeshe baba yake. Chai bado inatoa mvuke mezani, kiti ni kitupu. Yuko katikati ya shamba, mikono kichwani, anatupigia kelele tutoke.